Pini tisa (Classic): timu imeshinda mapambano 4 kati ya 6 na bado imetolewa. Hesabu ni ipi?

Msomakaratasi

Wakuu, habari za leo. Naomba wanaoujua vizuri mchezo wa pini tisa (wa kuangusha pini kwa tufe), ule mtindo wa Classic unaochezwa Ujerumani, Serbia, Kroatia, Hungaria na huko jirani, wanisaidie kusoma karatasi hii ya matokeo. Siyo bowling ya pini kumi, tusichanganye. Mechi ni ya mtoano, wachezaji sita kila upande, kila mmoja mitupo 120. A iko kushoto, B kulia, na kwenye mabano ni pointi za seti:

Pambano la 1: 598 – 571 (3 : 1)
Pambano la 2: 562 – 566 (2 : 2)
Pambano la 3: 580 – 589 (1 : 3)
Pambano la 4: 633 – 570 (4 : 0)
Pambano la 5: 571 – 575 (1.5 : 2.5)
Pambano la 6: 587 – 583 (1 : 3)
Jumla ya pini: 3531 – 3454

B imeshinda mapambano manne, A mawili tu. Aliyesonga mbele ni A. Kwa nini? Halafu pambano la 6: A kaangusha pini 587, B 583, lakini pambano kapewa B. Ni kosa la mwandishi?

Na kama mtakuwa na muda, naomba mwongozo wa jinsi ya kupanga wachezaji kwa mechi ya ugenini, dhidi ya klabu ya nchi nyingine, kwenye njia za kutupia tufe ambazo timu haijawahi kuzigusa.

---

Kadi_Njano

Karatasi haina kosa hata moja. Tuanze chini, kwenye seti, tupande juu.

Mitupo 120 imegawanywa njia nne, 30 kila njia. Hizo 30 ndizo seti moja. Ndani ya seti, mitupo 15 ya kwanza ni ya pini zote: kila mtupo unakuta pini tisa zimesimama, unahesabu zilizoanguka, zinasimamishwa tena. Wajerumani huita Volle. Mitupo 15 ya pili ni ya kufagia, Abräumen: zilizoanguka hazirudi, unaendelea na zilizobaki mpaka ya mwisho ianguke, ndipo unaletewa tisa mpya.

Mwenye pini nyingi katika seti anapata pointi 1 ya seti. Wakilingana, kila mmoja nusu. Ndiyo maana pambano la 5 lina 1.5 kwa 2.5: seti moja waliangusha pini sawa.

Baada ya seti nne, mwenye pointi nyingi za seti ndiye anayechukua pointi 1 ya timu. Pini za jumla za mtu mmoja huangaliwa tu pale seti zikiwa 2 kwa 2. Pambano la 2 ni hivyo: 2 : 2, B ana 566, A ana 562, pointi inakwenda B. Kama na pini zingelingana, ingegawanywa nusu kwa nusu.

Sasa pambano la 6. Ukifungua seti zake utakuta kitu cha namna hii: A 165, 139, 141, 142. B 140, 146, 148, 149. Jumlisha mwenyewe, 587 na 583. A alilipuka kwenye njia ya kwanza, akashinda seti hiyo kwa pini 25, akapoteza tatu zilizofuata kwa pini 7 kila moja. Seti 1 kwa 3. Kushinda seti kwa pini 25 na kuishinda kwa pini 1 ni pointi ileile.

Mapambano sita, pointi sita za timu. Kuna nyingine mbili, jumla nane, na hizo mbili hupewa timu yenye jumla kubwa ya pini. A ana 3531 dhidi ya 3454, amechukua zote mbili. Kwa hiyo A: mapambano 2 na pini 2, jumla 4. B: mapambano 4, pini 0, jumla 4. Ni 4 : 4.

Kwenye ligi ingeishia hapo, sare, kila mmoja pointi 1 ya msimamo. Kwenye mtoano lazima mmoja atoke, na kinachoangaliwa ni jumla ya pointi za seti za mechi nzima. Hesabu:

A: 3 + 2 + 1 + 4 + 1.5 + 1 = 12.5
B: 1 + 2 + 3 + 0 + 2.5 + 3 = 11.5

A amepita kwa seti moja. Zingelingana 12 kwa 12, ndipo wangeingia kwenye mitupo ya ziada ya kuamua, inayoitwa Sudden Victory.

---

Pembe_ya_Nne

Nilivyozoea mimi, sare ya 4 : 4 kwenye mtoano huamuliwa na jumla ya pini. Matokeo yangekuwa yaleyale, lakini njia ni nyingine.

---

Kadi_Njano

Hapana mkuu, na tofauti hiyo ni kubwa. Jumla ya pini imeshalipwa: ndizo zile pointi mbili. Ingetumika tena kuvunja sare, timu yenye pini nyingi ingekuwa inalipwa mara mbili kwa kazi moja, na karibu kila 4 : 4 ingekwenda kwake. Pointi za seti zinaipa timu nyingine nafasi. Angalia mfano huuhuu: B akiongeza seti moja tu popote alipopoteza, hesabu inageuka na kuwa 11.5 kwa 12.5, na B anasonga mbele akiwa nyuma kwa pini karibu 70.

---

Mama_Njia

Nataka kuliendeleza hapo alipofika Kadi_Njano, kwa sababu jibu la ombi la Msomakaratasi la kupanga wachezaji limelala ndani ya pambano la 4.

633 dhidi ya 570, seti 4 : 0. Kati ya pini 77 ambazo A alizidi, pini 63 zimetoka kwenye pambano hilo moja. Makocha wengi wakiona hivyo husema "tulikutana na mtu wao bora, tusingefanya kitu". Si kweli. Kushinda pambano pengine haikuwezekana, lakini seti moja iliwezekana. Anayepata 633 huwa hana seti nne za 158 zilizo sawasawa. Mara nyingi kuna moja ya 145 au 148 humo ndani. Mchezaji wa B akiipata hiyo, B yuko raundi inayofuata. Hata kulingana katika seti hiyo kungeleta 12 kwa 12 na mitupo ya ziada.

Hapa ndipo timu changa zinapopoteza mechi za kimataifa. Mchezaji akifika 0 : 3 anajua pambano limekwisha, mabega yanashuka, seti ya nne anaitupa ili amalize akakae. Wakati seti hiyo bado inaingia kwenye hesabu mbili: pointi za seti, na jumla ya pini. Pini 150 za aliyeshindwa zina thamani sawa na pini 150 za aliyeshinda. Kocha lazima amwambie mchezaji wake jambo hilo kabla hajaingia njia ya nne, waziwazi, kwa namba: "tunahitaji seti hii" au "tunahitaji pini 140 kutoka kwako".

Kuhusu kubadilisha mchezaji: timu ina nafasi mbili za mabadiliko kwa mechi. Anayeingia anarithi kila kitu, pini, seti na hata pini zilizosimama kwenye njia wakati huo, na aliyetoka harudi. Kwa hiyo mabadiliko ya kuchelewa hayana faida. Anza kufikiria mwishoni mwa seti ya kwanza, siyo ya tatu. Dalili ninazotazama ni tatu: anakosa pini moja moja kwenye kufagia zaidi ya mara mbili katika seti, mitupo ya pini zote inaleta 4 na 5 mfululizo, maana yake tufe halifiki mahali pake kabisa, au miguu imeanza kwenda haraka. Mchezaji aliye nyuma kwa bahati mbaya tu, tufe linapita panapotakiwa lakini pini hazianguki vizuri, mwache. Na usimalize mechi ya mtoano ukiwa na mabadiliko mawili mfukoni huku mtu wako anaelekea 0 : 4.

---

Msomakaratasi

Asanteni sana, sasa nimeelewa. Mama_Njia, hapo kwenye "kukosa pini moja moja": pini moja ni pini moja, mbona inapewa uzito hivyo?

---

Mfagiaji

Hili naomba nilijibu mimi, maana ndilo linalotenganisha mchezaji wa 550 na wa 600.

Ukikosa pini moja iliyobaki, hukupoteza pini moja. Umepoteza mtupo. Chukua mchezaji wa 600, yaani 150 kwa kila njia. Mitupo ya pini zote ikimpa wastani wa 6.5, hiyo ni 97 au 98. Kwa hiyo kufagia kunatakiwa kumpa 52 hivi katika mitupo 15, wastani wa 3.5 kwa mtupo. Kila mtupo wa sifuri kwenye kufagia unamgharimu kati ya pini 3 na 4. Akikosa mara mbili kila njia, kwa njia nne amepoteza pini 28 hivi. Kutoka 600 mpaka 572.

Kuna hesabu nyingine fupi ya kukaa nayo kichwani. Ukifagia kila tisa kwa mitupo mitatu, katika mitupo 15 unamaliza tisa mara tano, pini 45. Ukifagia kwa mitupo miwili na nusu kwa wastani, ni pini 54. Hapo ndipo mahali pa kulenga.

Halafu uzito wa kosa unabadilika kadiri seti inavyokaribia mwisho. Hapa watu wengi hawapaangalii:

Umebaki na pini moja kwenye mtupo wa 15 wa kufagia, ukaikosa: umepoteza pini 1 tu.

Umebaki na pini moja kwenye mtupo wa 14: ukiipata, mtupo wa 15 unakuta tisa mpya, unaongeza 6 au 7. Ukiikosa, mtupo wa 15 ni kuiokota hiyo moja basi. Kosa hilo limekugharimu 6 au 7.

Umebaki na moja kwenye mtupo wa 13: ukiikosa na kuipata wa 14, bado una tisa mpya kwenye wa 15. Umepoteza zile mbili tatu ambazo ungeokota mwishoni.

Kwa hiyo mtupo wa 14 ndio wa kupumua kabla ya kutupa. Seti zinaamuliwa kwa pini 3 au 4. Mtupo huo mmoja unaweza kuibeba.

Jinsi ya kufagia sasa. Pini zina namba: 1 ya mbele, 2 na 3 nyuma yake, 4 kushoto kabisa, 5 katikati (mfalme), 6 kulia kabisa, 7 na 8, halafu 9 ya nyuma. Mtupo wa kwanza kwenye tisa mpya usitafute tisa kwa nguvu. Tafuta tufe liingie kwenye uwazi pembeni ya pini ya 1, kati yake na ya 3, au kati yake na ya 2, kulingana na mkono wako na mzunguko unaoutoa, kwa mwendo unaojua kuurudia. Likiingia hapo, hata zisipoanguka zote, zinazobaki hukaa pamoja. Likigonga pini ya 1 usoni kabisa, linakata katikati na kukuachia pembe mbili, ya 4 na ya 6, na hizo ni mitupo miwili kwa hakika. Usijaribu kuzipata kwa mmoja. Chukua ile iliyo rahisi kwako, halafu nyingine.

Zikibaki mbili zilizo karibu, piga ya mbele kwa ubavu ili iirukie ya nyuma. Zikibaki tatu, jiulize kwanza ni ipi itakayobaki ukikosea, na hakikisha ni ile unayoiweza. Kwa pini ya pembe punguza mzunguko wa tufe. Mzunguko mkubwa kwenye njia usiyoijua unakuhamisha upana wa pini nzima.

---

Fundi_Kamba

Nimefurahi mazungumzo yamefika hapa. Niongeze upande wa njia na vifaa, kwa sababu ugenini hapo ndipo pini zinapopotelea.

Vipimo vya Classic ni vilevile kila nchi: sehemu ya tufe kukimbilia ni mita 19.5, upana mita 1.5, au 1.34 penye ubao wa pembeni, haina mwinuko. Tufe ni la kipenyo cha milimita 160, halina matundu ya vidole, uzito kilo 2.8 na ushee. Pini zimefungwa kamba juu, mashine inazivuta na kuzisimamisha. Mbele ya mtupaji kuna ubao wa kuwekea tufe, upana wake sentimita 35, na tufe lazima liguse kwanza kwenye ubao huo.

Lakini vipimo kuwa sawa hakufanyi njia kuwa sawa. Bamba za njia zinachakaa mahali tufe linapopita mara nyingi. Kuna njia "inayovuta" kushoto, kuna inayotulia, kuna ambayo tufe linakimbia sana ukumbi ukiwa mkavu. Njia ya 1 na ya 4 zilizo kando ya ukuta mara nyingi zina mwanga tofauti, na jicho linadanganyika.

Muda wa kujaribu ni dakika 5, na unajaribu kwenye njia yako ya kwanza tu. Ukitupa kwa utulivu hiyo ni mitupo 12 hivi. Njia tatu zinazofuata unazikuta baridi. Hapo timu inayojua kazi inaanza kuandika. Mtu mmoja wa akiba anakaa nyuma na daftari, ukurasa mmoja kwa kila njia: tufe lilipowekwa kwenye ubao (kushoto, katikati, kulia), lilipofikia pini, na likikosa limekosa upande gani. Mitupo 5 ya kwanza ya kila mchezaji kwenye kila njia inatosha. Jozi ya pili ya wachezaji ikiingia inakuta ramani, na ya tatu inakuta ramani iliyohakikiwa. Tofautisha wa mkono wa kulia na wa kushoto, maana kumbukumbu ya mmoja haimfai mwingine.

Muda wa seti ni dakika 12 kwa mitupo 30, yaani sekunde 24 kwa mtupo, na ndani yake kuna kusubiri tufe lirudi. Mitupo ambayo hujaitupa muda ukiisha imepotea. Kwa kawaida muda unatosha kabisa. Unabana kwa anayefagia vibaya, anasimama, anafikiri, anafuta mkono kila mara. Kanuni nzuri: ukimaliza mitupo 15 ya kwanza, saa ionyeshe umetumia dakika 5 na nusu au chini.

Kamba zikijifunga au pini ikining'inia, usitupe. Inua mkono, mwite mwamuzi, saa isimamishwe, zirekebishwe. Ukitupa juu ya pini zilizosimama vibaya, umekubali hali hiyo.

Kwenye mashine ya kurudisha matufe kuna sponji yenye unyevu. Ni kwa ajili ya kiganja kilichokauka. Lowesha kidogo tu. Mkono ukiwa maji, tufe linatoka mapema na mzunguko unapotea. Viatu viwe vya ndani, soli safi isiyo na mchanga.

---

Pembe_ya_Nne

Fundi, na makosa ya mstari? Wachezaji wapya wanaadhibiwa sana hapo.

---

Kadi_Njano

Makosa yanayojirudia ni mawili: kuvuka mstari kwa mguu, na kuweka tufe nje ya ubao au mbele yake. Mwamuzi anaanza kwa kadi ya njano, onyo. Ukirudia, adhabu inapanda, na huko juu kuna kupotea kwa mtupo na hata kuondolewa mchezoni. Tufe likigusa ubao wa pembeni kabla ya kufika kwenye pini, mtupo huo ni bure hata kama pini zimeanguka.

Chanzo cha kuvuka mstari karibu kila mara ni hatua ya kwanza kuwa ndefu. Mchezaji anasimama palepale anaposimama nyumbani, lakini ana hamu, hatua inaongezeka sentimita 15, ya mwisho inamtupa mbele. Rudi nyuma kiatu kimoja kwenye dakika zako 5 za kujaribu, uone mguu wa mwisho unatua wapi. Na tufe linalodunda badala ya kuteleza limetoka mkono ukiwa juu. Piga goti zaidi, tufe lipite karibu na kifundo cha mguu.

Kwenye karatasi utaona safu ya F. Hiyo siyo ya kadi. Ni idadi ya mitupo iliyopata sifuri. Isome kabla ya kusoma jumla. Mchezaji mwenye 560 na F 9 ana nafasi kubwa ya kupanda kuliko mwenye 565 na F 1, kwa sababu yule wa kwanza tatizo lake ni moja na linajulikana.

---

Mama_Njia

Nimalizie mpangilio, Msomakaratasi, kwani uliuliza.

Kwenye njia nne wanaingia wawili kwa wawili, kwa hiyo mechi ina jozi tatu: ya kwanza, ya kati, ya mwisho. Kila jozi inachukua saa moja hivi ukijumlisha dakika za kujaribu na kubadilishana njia, mechi nzima saa tatu na kidogo. Wachezaji wawe na chakula na maji, na aliye jozi ya mwisho asikae akitazama kila mtupo tangu mwanzo, ataingia amechoka.

Desturi ya wengi ni kuweka watu bora mwisho. Kwa ugenini kwenye njia ngeni mimi sikubaliani nayo moja kwa moja. Jozi ya kwanza inacheza bila ramani. Ukiweka hapo wawili dhaifu, watapoteza 0 : 4 mara mbili, pini 80 au 100 nyuma, na zile pointi mbili za jumla ya pini zimekwenda kabla ya saa ya pili. Weka kwenye jozi ya kwanza mtu mmoja mwenye mtupo tulivu kuliko wote, hata kama si mwenye namba kubwa kuliko wote: anayepata 570 leo, 575 kesho, F chache. Yeye ndiye atakayekuletea taarifa ya kuaminika ya njia zote nne. Pembeni yake weka mtu wako wa pili kwa ubora.

Jozi ya kati ndiyo ya kuficha mchezaji wako wa sita, lakini mpe mwenzake imara, na mabadiliko ya kwanza yawe tayari kwa ajili yake. Mchezaji wa akiba awe ameshapasha mwili moto tangu mtupo wa kwanza wa jozi hiyo, siyo tangu anapoitwa.

Jozi ya mwisho iwe na bora wako na mtu anayeweza kucheza akijua hesabu. Maana hapo ubao wa matokeo unaonyesha kila kitu: mko 2 : 2, pini nyuma kwa 20, seti 8 kwa 8. Kuna wachezaji wazuri sana ambao wakijua hesabu mikono inakufa. Hao wacheze jozi ya kwanza.

Kabla ya jozi ya mwisho kuingia, kocha aandike kwenye karatasi ndogo njia zilizobaki za kushinda. Mfano: tuko 1 : 3 kwenye mapambano, pini mbele kwa 12. Tukishinda mapambano yote mawili na kulinda pini, ni 5 : 3, ushindi. Tukishinda moja na kulinda pini, ni 4 : 4, na sasa seti ndizo zinaamua, kwa hiyo hata anayeshindwa anatakiwa kuleta seti mbili. Tukipoteza pini, hata kushinda yote mawili kunaleta 3 : 5 tu. Basi agizo kwa wote wawili ni pini kwanza, na asijaribu mtu kitu kipya kwenye kufagia.

---

Msomakaratasi

Hapo mmenimaliza kiu. Swali dogo la mwisho: hizi kanuni ndizo zinazotumika pia kwenye mashindano ya timu za taifa? Na Bohle na Schere ninazoziona zimetajwa, hesabu ni hiihii?

---

Fundi_Kamba

Timu za taifa, ndiyo: sita kwa sita, mitupo 120, pointi nane. Mashindano ya dunia ya Classic kwa timu yamekuwa yakifanyika miaka ya witiri, mfano Speichersdorf 2015, Dettenheim 2017 na Rokycany 2019, na ya mtu mmoja mmoja miaka ya shufwa. Kwa klabu kuna Ligi ya Mabingwa, ambayo huchezwa nyumbani na ugenini kabla ya kukutana timu nne za mwisho sehemu moja, kisha Kombe la Dunia la klabu, Kombe la Ulaya na Kombe la NBC (kifupi cha Ninepin Bowling Classic, yaani pini tisa ya Classic). Ukisoma vitabu vya zamani utakuta wanaume walitupa 200 na wanawake 100. Namba hizo usizilinganishe na za leo.

Bohle na Schere ni michezo mingine, njia zake hazifanani na hii. Ya Bohle ni nyembamba, imebonyea katikati na inapanda kuelekea kwenye pini. Ya Schere inaanza nyembamba, baada ya mita 9.5 inapanuka kama mkasi, jina lake ndilo hilo. Mchezaji wa Classic akienda huko anaanza upya kujifunza mtupo, na hesabu zake za timu ni tofauti. Karatasi yako hapo juu ni ya Classic.

Kitu cha kuangalia unapopokea karatasi ya mechi ya nje: safu zinaandikwa kwa Kijerumani mara nyingi. V ni pini zote, A ni kufagia, F ni mitupo ya sifuri, Ges ni jumla, SP ni pointi za seti, MP ni pointi za timu. Chukua V na A za kila mpinzani, ugawanye kwa 60 kila moja. Ukiona V ni 6.4 na A ni 2.9, huyo mpe mchezaji wako anayefagia vizuri: watakwenda sambamba mitupo 15 ya kwanza, halafu mtu wako atamwacha.